Mwongozo kamili: Jinsi ya kusoma maneno ya Kiingereza cha Kale yanayotaja kazi, ufundi na mazoea

Anayefuatilia mpira wa Uingereza hutaja kila wiki majina kama Walker, Wright, Webster na Shepherd. Yote manne ni majina ya kazi: mkanyaga vitambaa, fundi, mfumaji na mchunga kondoo. Yalishika kama majina ya ukoo karne kadhaa zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, lakini mizizi yake ni mikongwe zaidi. Imetoka katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyosemwa Uingereza tangu karne ya 5 hadi takriban mwaka 1100, ambayo Mwingereza wa leo haielewi asipoisomea.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa isimu, mfasiri au mdadisi asiyetaka kumaliza sarufi nzima ndipo asome neno lake la kwanza. Ninachoshikilia ni hiki: katika maneno ya kazi, anza na mwisho wa neno. Mwisho ndio unaosema kama mbele yako pana mtu, ufundi au mazoea. Wengi huanza kwa kutafuta neno la Kiingereza cha leo linalofanana na lile la kale, nalo huwapeleka kusiko. Neno la leo litafutwe mwishoni kabisa, kazi ikiwa imeshafanyika.

Hatua ya 1: Zisome herufi kwa sauti

Hapa Mswahili ana bahati kuliko Mfaransa au Mjerumani, kwa kuwa sauti nyingi za lugha hii tayari anazo kinywani.

Herufi þ na ð ndizo zinazotisha mwanzoni. Zote mbili huandika sauti zilezile, na waandishi wa zamani hawakuzitofautisha: neno la mhunzi utaliona "smiþ" ukurasa huu na "smið" ukurasa unaofuata. Usitafute tofauti ya maana hapo, haipo. Kinachoamua sauti ni mahali herufi ilipo. Mwanzoni na mwishoni mwa neno ni th ya "thamani". Kati ya irabu mbili ni dh ya "dhahabu". Mtindo huohuo huzigusa f na s: kati ya irabu, f hutamkwa v na s hutamkwa z.

Herufi "sc" kwa kawaida ni sh, kwa hiyo "scip" (meli) hutamkwa "ship". Herufi c ikiwa jirani ya i au e mara nyingi huwa ch, na kwingineko ni k. Herufi g ikiwa jirani ya irabu hizohizo huelekea y, na "cg" ni j. Herufi h ikifuata irabu hutamkwa kh, kama ile ya watu wa pwani wanaposema "kheri" kwa sauti kamili ya Kiarabu. Irabu æ iko kati ya a na e. Irabu y hupatikana ukisema i huku midomo umeikunja kama ya u.

Hakuna herufi bubu. "Wyrhta" (fundi) ina w, r na kh zake zote. Mkazo nao hauangukii silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Huwa mwanzoni mwa neno, na majina ya kazi karibu yote yanafuata kanuni hiyo.

Mstari mdogo juu ya irabu, kama katika "bōc", unaonyesha urefu. Wahariri wa siku hizi ndio walioongeza mistari hiyo, hati za kale hazina. Lakini urefu wenyewe ulikuwepo na ulibeba maana: "god" ni Mungu, "gōd" ni -ema. Ukiandika maelezo yako, weka mistari; ukitafuta kwenye kompyuta, jaribu bila mistari.

Hatua ya 2: Tenga mwisho unaotaja mtu

Kuna miisho minne au mitano inayostahili kukaa kichwani.

Wa kwanza ni "-a". "Hunta" ni mwindaji, "webba" ni mfumaji, "dēma" ni hakimu, "boda" ni mjumbe. Ni mwisho wa zamani sana, na kwa kuwa ni mfupi hupita bila kuonekana. Kumbuka pia kwamba nomino nyingi zisizohusu watu huishia hivyo, kwa hiyo "-a" peke yake si ushahidi wa kutosha.

Wa pili ni "-ere", uliochukuliwa kutoka Kilatini "-arius". "Fiscere" ni mvuvi, "bæcere" ni mwokaji, "fugelere" ni mtega ndege, "sangere" ni mwimbaji. Huu unakaribiana sana na "-aji" yetu: hautaji mtu aliyefanya tendo mara moja, bali yule ambaye tendo hilo ni lake, kwa kazi au kwa mazoea. Hata "bōcere", lililotokana na "bōc" (kitabu), halimaanishi kitabu chochote kile. Ni mwandishi na msomi, na ndilo neno lililotumiwa katika Injili za Kiingereza cha Kale kwa waandishi wanaotajwa pamoja na Mafarisayo.

Wa tatu ni "-estre", na hapa inafaa kukaa kidogo. Sarufi husema ni mwisho wa kike: "sangere" ni mwimbaji mwanamume na "sangestre" ni mwimbaji mwanamke, "sēamestre" ni mshonaji wa kike, "hearpestre" ni mpiga kinubi wa kike. Abati Ælfric, aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza karibu na mwaka 1000, aliyapanga maneno ya aina hii wawiliwawili, la kiume na la kike. Basi ukiona "webbestre" unaona mwanamke kwenye kitanda cha mfumi, na ukiona "bæcestre" unaona mwanamke tanuruni.

Ila si kila mara. Katika tafsiri ya Mwanzo 40, mwokaji wa Farao, yule aliyeota ndege wakila mikate juu ya kichwa chake, ameitwa "bæcistre", naye ni mwanamume bila shaka yoyote. Kwa hiyo tayari katika enzi ya kale mwisho huu ulikuwa umeanza kuteleza kutoka jinsia kwenda kazi. Baadaye uliteleza kabisa, hasa kaskazini, na ndiyo maana leo Baxter, Webster na Brewster ni majina ya ukoo ya wanaume na wanawake sawasawa. "Spinster" lilimaanisha msokota nyuzi, na kufikia karne ya 17 likawa neno la kisheria la mwanamke asiyeolewa. Ushauri wangu ni kwamba usifasiri "-estre" kuwa "wa kike" mpaka sentensi ikupe kiwakilishi "hēo" (yeye, mwanamke) au ushahidi mwingine.

Wa nne ni "-end", uliotokana na kitenzi: "hǣlend" ni aponyaye au aokoaye, "scyppend" ni aumbaye. Huu hutaja mtenda, si lazima mwenye kazi. Utaukuta zaidi katika mashairi na maandiko ya dini, na "se Hǣlend" ndivyo Injili hizo zinavyomwita Yesu. Wa tano ni "-ling", kama "yrþling" (mlimaji wa plau) na "hȳrling" (kibarua).

Hatua ya 3: Vunja maneno yaliyounganishwa, kuanzia kulia

Kiswahili husema "mfua dhahabu": mtu kwanza, kitu baadaye. Kiingereza cha Kale hugeuza, "goldsmiþ". Kwa hiyo soma kutoka kulia kwenda kushoto. Nusu ya kulia ndiyo mtu, nusu ya kushoto ndiyo anachoshughulikia. Hati za kale wakati mwingine huziandika nusu hizo mbalimbali kama maneno mawili. Usibabaike.

Nusu za kulia zinazojirudia ni chache. "Wyrhta" ni fundi kwa maana pana kabisa ya neno letu fundi: "scōhwyrhta" fundi viatu, "scipwyrhta" fundi meli, "stānwyrhta" mwashi, "trēowwyrhta" seremala, "crocwyrhta" mfinyanzi, na hata "cȳswyrhte", mwanamke atengenezaye jibini. Kadiri miaka ilivyopita, r ilihamia mbele ya irabu na neno likawa "wright". Halina uhusiano na kuandika.

"Hyrde" ni mchungaji: "scēaphyrde", "gāthyrde", "oxanhyrde", "cūhyrde". Hilo la mwisho, mchunga ng'ombe, ndilo linaloaminika kuzaa jina la ukoo Coward, na kwa miaka mingi wenye jina hilo wamechekwa kama waoga bila kosa. "Weard" ni mlinzi au msimamizi, kama "wuduweard", mlinzi wa msitu. Msimamizi wa nyumba kubwa aliitwa "stīweard". Huko Uskoti cheo hicho kikawa jina la ukoo, na ukoo huo ukatoa wafalme wa Stuart. "Mangere" ni mchuuzi, asili yake Kilatini: "flǣscmangere" muuza nyama, "īsenmangere" muuza vyuma. "Cēapmann" ni mfanyabiashara, kutoka "cēap", biashara, neno linalosikika bado katika mtaa wa Cheapside jijini London.

"Smiþ" ndilo linalowadanganya wengi. Ukilisoma kwa macho ya leo utaona mfua chuma tu, lakini lilikuwa pana kuliko hilo. Katika Injili, Mathayo 13:55, pale Biblia ya Kiswahili inaposema mwana wa seremala, Kiingereza cha Kale kinasema "smiþes sunu". Aliyefasiri alikuwa na neno la Kilatini "faber" mbele yake, na "smiþ" likamtosha kwa fundi wa vitu vigumu, viwe chuma au mbao. Washairi wakalivuta mbali zaidi: "lārsmiþ" ni mfua elimu, yaani msomi, "hleahtorsmiþ" ni mfua kicheko, "wīgsmiþ" ni mfua vita.

Heshima ya mhunzi inaonekana katika sheria za Ine, mfalme wa Wessex, ufalme wa kusini mwa Uingereza, tangu 688 hadi 726. Bwana akihama ardhi aliyopewa, sheria ilimruhusu kuondoka na watu watatu: msimamizi wake, mhunzi wake na yaya wa watoto wake. Seremala hayumo, mpishi hayumo.

Mara nyingine muungano umechakaa kiasi kwamba vipande havionekani tena. "Hlāford" (bwana) asili yake ni "hlāfweard", mlinzi wa mkate. "Hlǣfdige" (bibi mwenye nyumba) ni mkandaji wa mkate. Na sheria za Kent za mfalme Æthelberht, mwanzoni mwa karne ya 7, zinamwita mtegemezi wa nyumba "hlāfǣta", mla mkate. Nyumba nzima imepangwa kwa mkate mmoja: anayeukanda, anayeulinda, anayeula.

Hatua ya 4: Tenga mwisho unaotaja ufundi wenyewe

Neno kuu ni "cræft". Linapokaa kulia mwa neno jingine, kwa kawaida u- yetu hulifasiri vizuri: "smiþcræft" uhunzi, "lǣcecræft" utabibu, "drȳcræft" uchawi. Wasomi walilitumia kuunda istilahi za elimu bila kukopa Kilatini. "Stæfcræft", ufundi wa herufi, ni sarufi. "Rīmcræft" ni elimu ya hesabu, hasa ile ya kupiga kalenda ya kanisa. "Tungolcræft" ni elimu ya nyota, "lēoþcræft" ni utunzi wa mashairi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha kubuni istilahi za Kiswahili atawaelewa watu hawa.

"Cræft" likisimama peke yake, usikimbilie "ufundi". Linaweza kuwa nguvu, kipaji au hila. Na katika tafsiri zinazohusishwa na mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899, huwa hata uadilifu wa nafsi. Katika tafsiri ya Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, inayohusishwa naye, mfalme anaeleza kwamba kila ufundi una zana zake, na zana za ufundi wa kutawala ni watu wa aina tatu: wa kusali, wa kupigana na wa kufanya kazi. Hapo "cræft" ni kazi ya mfalme yenyewe. Sentensi ndiyo itakayokuambia ni maana ipi.

Kuhusu "lǣcecræft", nieleze jambo moja nje ya mstari. Kitabu cha tiba cha karne ya 10 kinachojulikana kama cha Bald kina dawa ya macho ya vitunguu, vitunguu saumu, divai na nyongo ya ng'ombe, iliyolazwa siku 9 katika chombo cha shaba. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham waliitengeneza upya, wakaona inaua bakteria sugu katika maabara. Haimaanishi kila dawa ya kitabu kile inafaa. Inamaanisha tu kwamba "lǣce", mtabibu, asifasiriwe kwa dharau.

Mwisho wa pili wa kutazama ni "-oþ" au "-noþ", na kwangu huu ndio mzuri kuliko yote. Hautaji ufundi kama elimu, bali shughuli ambayo watu huishi kwayo: "huntoþ" ni uwindaji, "fiscoþ" ni uvuvi, "fugeloþ" ni utegaji ndege, "drohtoþ" ni namna ya kuishi. Mfano wake bora umo katika maelezo ya Ohthere, baharia kutoka kaskazini mwa Norwei aliyefika kwa Alfred na kumsimulia nchi yake. Anasema Wasami, wenyeji wa huko kaskazini, wametawanyika huku na huku, "on huntoðe on wintra, ond on sumera on fiscaðe be þære sæ": wakati wa baridi wapo uwindajini, wakati wa joto wapo uvuvini kando ya bahari. Haielezwi safari moja ya kuwinda. Mwaka mzima wa watu umebebwa na mwisho mfupi. Ohthere huyohuyo alimletea mfalme meno ya walrasi, mnyama wa bahari za baridi, ambayo mwandishi aliyaita mifupa ya thamani.

"-Ung" hutaja tendo lenyewe, kama "huntung". "-Lāc" hutaja tendo la vurugu, ibada au mchezo: "rēaflāc" ni unyang'anyi, "wedlāc" ni kuweka ahadi, na hilo limesalia hadi leo likiwa "wedlock", ndoa.

Hatua ya 5: Tambua mazoea

Majina ya mazoea ni manne ya kuanzia. "Gewuna" ni mazoea ya mtu au desturi. "Þēaw" ni desturi yenye uzito wa maadili. Wingi wake, "þēawas", ni tabia. "Sidu" ni mila. "Bīgang", au "bīgeng", ni kushughulika na jambo kwa kulirudiarudia, ndiyo maana linaweza kuwa kilimo, zoezi au hata ibada. Kitenzi chake ni "begān", nawe kiweke akilini kwa ajili ya hatua ya 7.

Upande wa vitenzi, Kiswahili kinasaidia mno. Kiingereza cha Kale kina vitenzi viwili vya "kuwa". "Is" husema jambo lilivyo sasa. "Bið", au "byð", husema jambo lilivyo siku zote, au litakavyokuwa. Shairi moja la methali linasema "winter byð cealdost", na Mswahili ana neno lake tayari: majira ya baridi *huwa* na baridi kuliko mengine. Kila ukikutana na "bið", jaribu "huwa" kwanza. Ikikataa, jaribu "atakuwa". Mara chache sana vyote viwili hukataa.

"Sceal" hutafsiriwa haraka kuwa "lazima", na katika orodha za methali hiyo ni pupa. "Cyning sceal rīce healdan" haimlazimishi mfalme yeyote: inasema kwamba kushika utawala ndiyo kazi ya mfalme, ndilo limpasalo kwa jinsi alivyo. Kwa mazoea yaliyopita tafuta "gewunade", alizoea. Cædmon, mchunga ng'ombe wa Whitby aliyejaliwa kipaji cha mashairi, anaelezwa kuwa "gewunade gerisenlice leoð wyrcan", alizoea kutunga tungo zinazostahili. "Wolde" pia hufanya kazi hiyo mara kwa mara, na hapo ni muktadha tu utakaokuambia kama ni "alitaka" au "alikuwa aki-".

Hatua ya 6: Soma Injili mbili kwa pamoja

Njia rahisi kuliko zote kwa msomaji wa Kiswahili ni hii, na nashangaa haitajwi mara nyingi zaidi. Injili zote nne zilifasiriwa kwa Kiingereza cha Kale cha Wessex kabla ya mwaka 1000 au karibu nao, na maandishi yake yanapatikana bure mtandaoni. Fungua Biblia ya Kiswahili upande mmoja na Injili hiyo upande wa pili. Hakuna haja ya kupitia Kiingereza cha leo hata kidogo.

Anza na Mathayo 4:18 na 19. Utakuta "fisceras", wavuvi. Kisha "ic do þæt gyt beoð manna fisceras", nitawafanya muwe wavuvi wa watu. Angalia "beoð": ni kile kitenzi cha hatua ya 5, safari hii kwa maana ya wakati ujao. Nenda Mathayo 13:3 umwone "sædere", mpanzi. Yohana 10:11 ina "gōd hyrde", mchungaji mwema. Luka 4:23 ina "lǣce", katika ile methali ya tabibu ajiponye mwenyewe. Na katika sura hiyohiyo, mstari wa 16, Yesu anaingia katika sinagogi siku ya sabato "æfter his gewunan", kama ilivyokuwa desturi yake. Andika kila neno katika daftari lenye safu tatu: mtu, ufundi, mazoea. Baada ya sura chache utaanza kuotea mwisho wa neno kabla hujafika Kiswahilini.

Hatua ya 7: Ingia katika mazungumzo ya wafanyakazi

Ælfric aliandika kwa Kilatini mazungumzo ya kuwafundishia vijana wa monasteri, ambamo kila mwanafunzi anaigiza mtu wa kazi fulani. Baadaye mtu mwingine aliandika maana ya kila neno kwa Kiingereza juu ya mstari wa Kilatini. Kwa sababu hiyo mpangilio wa maneno ni wa Kilatini, basi usijifunze sarufi humo. Kwa msamiati wa kazi, hata hivyo, hakuna mahali pengine palipojaa kiasi hiki.

Kipande cha mwindaji unaweza kukisoma leo hii: "Canst þu ænig þing?" Unajua jambo lolote? "Ænne cræft ic cann." Ufundi mmoja naujua. "Hwylcne?" Upi? "Hunta ic eom." Mimi ni mwindaji. "Hwæs?" Wa nani? "Cinges." Wa mfalme.

Kisha soma mlimaji. Anaulizwa "hu begæst þu weorc þin?", unaishughulikiaje kazi yako, na hapo ndipo "begān" inapoonekana. Anajibu kwamba hutoka alfajiri na ng'ombe, na hakuna baridi kali kiasi cha kumfanya athubutu kubaki nyumbani, kwa hofu ya bwana wake. Kila siku ni lazima alime eka nzima au zaidi. Hapo "sceal" ni lazima ya kweli, kwani mtu huyu anasema waziwazi kwamba si huru. Linganisha na mfalme wa hatua ya 5 na utaona kwa nini neno moja halifasiriwi kwa namna moja.

Mfanyabiashara anataja shehena yake: nguo za zambarau na hariri, vito na dhahabu, viungo, divai na mafuta, bati, salfa, kioo, na "ylpesbān", mfupa wa ndovu. Mshauri anapoulizwa ni kazi gani ya kidunia iliyo kuu, anakitaja kilimo, kwa kuwa mlimaji hulisha wote. Mhunzi anafoka: mlimaji angepata wapi jembe la plau bila yeye? Anajibiwa kwamba kutoka kiwandani kwake watu hupata cheche, kelele za nyundo na upepo wa mivukuto tu. Mpishi naye alikuwa ameshawaonya kwamba wakimfukuza watakula mboga mbichi na nyama mbichi. Mjadala huo ungefaa kijiwe chochote cha kahawa.

Hatua ya 8: Tumia kamusi kwa ujanja

Kamusi ya Bosworth na Toller, iliyokamilika 1898 na kuongezwa 1921, iko mtandaoni bure. Chuo Kikuu cha Toronto kinaendelea kutunga kamusi mpya, herufi baada ya herufi. Kabla ya kutafuta, ondoa "ge-" iliyo mwanzoni mwa neno, ikishindikana, irudishe. Jaribu þ na ð zote mbili. Jaribu y, i na ie kwa kupokezana, maana tahajia ilibadilika kwa eneo na karne. Na ukipata neno, soma mifano kabla ya maana: maana iliandikwa na mtu wa karne ya 19 kwa Kiingereza chake, ambacho nacho kimezeeka.

Hatua ya 9: Sasa shuka hadi leo

Baada ya 1066 maneno ya Kifaransa yalichukua kazi nyingi za mjini: mshona nguo, mchinja nyama, kinyozi na seremala wana majina ya Kifaransa hadi leo. Ndiyo maana "trēowwyrhta" halina mtoto aliye hai, ilhali mchunga kondoo, mwokaji na mhunzi wamebaki na majina yao ya kale.

Kazi moja inaweza kuacha majina matatu. Kitambaa cha sufu kilicholowa kilikanyagwa mpaka nyuzi zishikane. Kusini na mashariki mfanyaji aliitwa "fullere", neno lenye asili ya Kilatini; kaskazini "wealcere"; kusini magharibi walitumia kitenzi kilichotokana na "tūcian", kutesa. Hivyo Fuller, Walker na Tucker ni kazi moja, na jina hudokeza babu alitoka upande gani.

Jipime kwa maneno haya bila kamusi: "wæscestre", "hearpere", "seolforsmiþ", "fugeloþ", "sangcræft", "bēoceorl".

Majibu: mfuaji nguo, huenda wa kike, mpiga kinubi, mfua fedha, maisha ya utegaji ndege, uimbaji, mfuga nyuki. Ukikwama kwenye la mwisho, ni kwa sababu "ceorl" si mwisho wa kazi. Ni daraja la watu, raia huru wa kawaida, na nyuki ("bēo") ndio wanaotoa kazi yake. Anatajwa katika hati ya karne ya 11 inayoorodhesha haki na wajibu wa kila mtu shambani kwa bwana. Humo mtengeneza jibini hulipwa jibini 100 na kubakiwa na maziwa ya mtindi isipokuwa fungu la mchungaji, na mfuga nyuki hulipa kodi yake kwa asali.